Ijumaa Nyeusi: jina lililotoka kwa trafiki wa Philadelphia, si kwa wenye maduka wala kwenye mnada wa watumwa

Wanajamvi, salaam.

Kila inapofika wiki ya mwisho ya Novemba, simu zetu hujaa matangazo ya Black Friday, na nyuma ya matangazo hayo hufuata ule ujumbe wa WhatsApp unaodai kwamba siku hiyo ndiyo watumwa weusi walikuwa wakiuzwa kwa punguzo nchini Marekani. Mimi nimeupokea katika makundi matatu kwa siku moja: la ukoo, la wazazi wa darasa la mwanangu, na la watu tuliosoma pamoja sekondari. Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Jina la siku hii lina historia inayofahamika, yenye miaka na maandishi, na historia hiyo haifanani na ule ujumbe wala na ile hadithi nyingine ya "wino mweusi" ambayo wafanyabiashara wanaipenda. Uzi ni mrefu, kwa hiyo naomba mwenye haraka ausome jioni.

Tuanze na siku yenyewe. Marekani husherehekea Sikukuu ya Shukrani Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ambayo familia hukusanyika kula batamzinga, na Ijumaa inayofuata, ambayo lazima iangukie kati ya tarehe 23 na 29, ndiyo Black Friday. Shule nyingi na ofisi nyingi hufungwa Ijumaa hiyo, kwa hiyo watu hupata mapumziko ya siku nne mfululizo, mwezi mmoja kabla ya Krismasi, na zawadi bado hazijanunuliwa. Hata kama pasingekuwa na punguzo lolote, bado mitaa ya maduka ingejaa.

Hata hivyo, wenye maduka walitia mkono katika kalenda hiyo mapema kabla Ijumaa yenyewe haijapata jina. Tangu Rais Abraham Lincoln alipotangaza sikukuu hiyo kitaifa mwaka 1863, desturi ilikuwa kuifanya Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mwaka 1939 mwezi huo ulikuwa na Alhamisi tano, ya mwisho ikiangukia tarehe 30, na kwa kuwa wafanyabiashara walikuwa na mazoea ya kutoanza matangazo ya Krismasi kabla ya Shukrani, waliona siku za mauzo zinawapungukia wakati uchumi ulikuwa haujapona vizuri. Mmoja wa waliomshawishi Rais Franklin Roosevelt alikuwa Fred Lazarus, mfanyabiashara wa maduka makubwa, na Roosevelt akaisogeza sikukuu nyuma kwa wiki moja, hadi tarehe 23. Nchi ikagawanyika. Takriban nusu ya majimbo yalimfuata na mengine yakagoma, huku wapinzani wake wakiibatiza siku hiyo "Franksgiving" kwa kulichanganya jina lake na la sikukuu. Mwaka 1941 Bunge la Marekani lilimaliza ubishi kwa sheria iliyoiweka Alhamisi ya nne, na huko ndiko iliko hadi leo.

Sasa tuje kwenye neno "nyeusi". Katika Kiingereza, siku inayopewa jina la rangi nyeusi huwa ni siku ya balaa. Mei 1866 London ilikuwa na Ijumaa yake nyeusi baada ya kuanguka kwa taasisi ya fedha ya Overend, Gurney. Na Jumanne nyeusi ya Oktoba 1929 ndiyo iliyokuja kukumbukwa kwa anguko la soko la hisa la New York. Ijumaa nyeusi maarufu kuliko zote katika karne ya 19 ilikuwa ya tarehe 24 Septemba 1869. Matajiri wawili, Jay Gould na James Fisk, walijaribu kununua dhahabu nyingi kiasi cha kulishika soko lote la New York, na Gould alijenga ukaribu na Abel Corbin, shemeji wa Rais Ulysses Grant, akitumaini kwamba serikali haitauza dhahabu yake. Grant alipong'amua mchezo huo aliiagiza hazina iuze dhahabu ya dola milioni nne, na bei iliyokuwa imefika takriban dola 160 ikaporomoka, ikawatumbukiza wengi kwenye hasara. Nimelitaja tukio hili kwa sababu kuna wanaoliunganisha na siku ya manunuzi. Hakuna uhusiano: lile lilitokea Septemba, lilihusu dhahabu, na jina lake halikurudi kila mwaka. Linachotusaidia ni kutuonyesha kwamba mtu aliyeiita siku "Black Friday" hakuwa akiisifia.

Na kweli, waliolitumia jina hilo mwanzo kwa Ijumaa ya baada ya Shukrani walikuwa wakinung'unika. Andiko la zamani kabisa lililopatikana ni la Novemba 1951, nalo halihusu maduka hata kidogo. Jarida la wasimamizi wa viwanda liitwalo Factory Management and Maintenance lilieleza, kwa utani wenye uchungu, jinsi wafanyakazi wanavyopatwa na "ugonjwa" wa ghafla Ijumaa hiyo ili waunganishe na mwisho wa wiki, likaufananisha ugonjwa huo na tauni kwa makali yake kwenye uzalishaji. Likawashauri waajiri waitoe siku hiyo kama mapumziko ya malipo wanapojadiliana na vyama vya wafanyakazi, kwa kuwa watu watakosekana tu. Anayelalamika hapo ni bosi wa kiwanda, wala hakuna mteja anayetajwa. (Aliyewahi kuwa msimamizi mahali popote na kuona idadi ya wagonjwa Ijumaa inayofuata sikukuu ya Alhamisi hahitaji kutafsiriwa.)

Andiko hilo lilikuwa la viwandani na haielekei kuwa ndilo lililolieneza jina. Waliolifanya jina lishike ni askari wa Philadelphia, na hapa naomba nitulie kidogo, maana ndipo ulipo moyo wa uzi huu.

Fikirieni mji ule katika miaka ya 1950. Katikati yake, kando ya Mtaa wa Market, yalikuwapo maduka makubwa ya ghorofa nyingi yaliyojulikana nchi nzima: Wanamaker's, Gimbels, Strawbridge & Clothier, Lit Brothers. Ijumaa ya baada ya Shukrani Baba Krismasi aliketi kwenye kiti chake ndani ya maduka hayo, shule zimefungwa, na kila mtoto wa mji na wa vitongoji alitaka kupelekwa kumwona. Kabla ya jua kuzama, wimbi la pili liliingia, la wageni waliokuja kutazama mchezo wa mpira wa Kimarekani kati ya chuo cha jeshi la nchi kavu na cha jeshi la majini, ambao kwa miaka mingi ulichezwa Philadelphia Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Mabasi, magari ya watu binafsi na watembea kwa miguu wenye mizigo vilikutana katika mitaa iliyochorwa enzi za farasi.

Mwandishi wa habari Joseph Barrett, aliyekuwa akiripoti masuala ya polisi katika gazeti la Bulletin la mji huo, alisimulia mwaka 1994 kwamba hakuna trafiki aliyeruhusiwa kupumzika siku hiyo, kwamba kikosi chote kiliwekwa zamu ya saa 12, na kwamba hata bendi ya polisi ilipelekwa katikati ya mji, kiasi kwamba halikuwa jambo la ajabu kumkuta mpiga tromboni akiongoza magari. Askari hao ndio walioiita siku hiyo "Black Friday", na siku iliyofuata wakaiita "Black Saturday". Barrett na wenzake walilichukua neno hilo vituoni wakaliingiza gazetini. Ukitaka kujua jina limetoka wapi, usiangalie aliyekuwa na mfuko wa pesa mkononi, mwangalie aliyekuwa na filimbi mdomoni.

Ushahidi upo hata mahali ambapo mtu asingedhani. Mwaka 1966, katika jarida la wakusanyaji wa stempu, mfanyabiashara mmoja wa stempu wa Philadelphia aliandika katika tangazo lake kwamba Black Friday ni jina ambalo idara ya polisi imeipa Ijumaa hiyo, na kwamba kwao si jina la mapenzi. Alikuwa akiuza stempu tu, hana sababu ya kutunga. Maandiko mengi ya namna hii tunayafahamu kwa juhudi za Bonnie Taylor-Blake na watafiti wenzake wa Chama cha Lahaja cha Marekani, ambao huyapekua magazeti ya zamani wakifuatilia neno moja moja.

Wenye maduka walifanya nini? Walichukia. Mtu anayefungua msimu wa mauzo hataki siku yake iitwe kwa jina la msiba, na mwaka 1961 walipeleka malalamiko yao, maofisa wa mji wakakubali kusaidia kuibadilisha iitwe "Big Friday", yaani Ijumaa Kubwa. Likachapishwa, likatangazwa, likafa. Polisi na madereva waliendelea na la kwao. Bado lilikuwa jina la mji mmoja: mwaka 1975 gazeti la New York Times lililitaja kama msemo wa Philadelphia, na hata mwaka 1985 gazeti la Inquirer la Philadelphia liliripoti kwamba wafanyabiashara wa Cincinnati na Los Angeles hawakuwa wakilijua.

Ndipo ikaja hadithi ya wino. Mnaifahamu: zamani wahasibu waliandika hasara kwa wino mwekundu na faida kwa wino mweusi, basi maduka, inasemwa, huendeshwa kwa hasara tangu Januari, na Ijumaa hiyo ndipo leja hugeuka rangi. Desturi ya wino ni ya kweli, na msemo wa kuwa "katika nyeusi" kwa maana ya kupata faida upo katika Kiingereza. Lakini maelezo haya yanaonekana kwenye maandishi mwaka 1981 tu, miaka thelathini baada ya lile jarida la viwanda na miaka ishirini baada ya wenye maduka kujaribu kulizika jina. Kama nyeusi ilimaanisha faida tangu mwanzo, kwa nini walikimbilia kulibadilisha? Pamoja na hayo, duka linaloendeshwa kwa hasara tangu Januari halifiki Novemba, linafungwa. Walishindwa kulifuta jina, wakalitungia ukoo mpya. Nakiri kwamba kama kazi ya matangazo naiheshimu.

Sasa ule ujumbe wa WhatsApp. Unadai kwamba siku moja baada ya Shukrani wenye watumwa waliwauza kwa bei nafuu ili wenye mashamba wapate nguvu kazi ya kipupwe. Angalieni miaka. Sikukuu ya Shukrani haikuwa na tarehe moja ya kitaifa hadi 1863, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, na utumwa ulifutwa kwa marekebisho ya 13 ya Katiba mwaka 1865. Majimbo ya Kusini yaliyokuwa yakipigana na Lincoln yasingeweza kujenga desturi ya biashara juu ya tangazo la Lincoln. Na jina lenyewe, kwa siku hii, halionekani popote kabla ya 1951.

Kinachonikera zaidi ni kwamba uongo huu unaufunika ukweli uliopo. Siku iliyoogopwa na watumwa wa Marekani ilikuwa tarehe 1 Januari, kwa sababu ndiyo ilikuwa siku ya kufunga hesabu na kuwakodisha watu kwa mwaka mzima, au kuwauza kulipia madeni, na mama aliweza kutenganishwa na wanawe asubuhi ya Mwaka Mpya. Mnada mmojawapo mkubwa kuliko yote ulifanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi karibu na Savannah, Georgia, tarehe 2 na 3 Machi 1859, ambapo watu 436 waliorodheshwa kuuzwa ili kulipa madeni ya Pierce Butler, aliyekuwa na makazi yake, kwa bahati ya historia, Philadelphia. Vizazi vyao vinaukumbuka mnada huo kama wakati wa kulia. Hakukuwa na punguzo. Madalali walisubiri hali ya soko iwe nzuri ndipo wauze. Na sisi wa pwani hii, ambao soko la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873 tu, kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Barghash, tunajua kwamba biashara ile imeacha ushahidi wa kutosha. Haihitaji kuongezewa chumvi kutoka kwenye tangazo la friji.

Kuhusu jinsi siku ilivyokua nitapita haraka. Kwa miaka mingi haikuwa hata siku yenye mauzo makubwa kuliko zote Marekani. Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi ndiyo iliyoongoza mara nyingi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ushindani ukavuta saa za kufungua kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 10 alfajiri, kisha mwaka 2011 kampuni kadhaa za maduka makubwa zikafungua saa 6 usiku, na mwaka uliofuata Walmart ikaanza mauzo saa 2 usiku wa Alhamisi yenyewe, watu wakiwa bado mezani. Novemba 2008, katika duka la Walmart la Valley Stream, New York, umati ulivunja milango alfajiri na kumkanyaga mfanyakazi wa muda hadi akafa. Dhidi ya yote hayo kulikuwa na watu waliopinga: huko Kanada ilianzishwa mwaka 1992 Siku ya Kutonunua Kitu, ambayo baadaye ilihamishiwa Ijumaa hiyohiyo, na mwaka 2015 kampuni ya vifaa vya matembezi ya REI iliamua kufunga maduka yake siku hiyo na kuwalipa wafanyakazi. Jumatatu inayofuata nayo ilipewa jina la Cyber Monday mwaka 2005, na hilo ni jina lililotungwa ofisini tangu mwanzo, na chama cha wauzaji wa mtandaoni.

Kuja kwake kwetu kumepitia mtandaoni zaidi kuliko madukani. Kampuni ya mauzo ya mtandaoni ya Jumia ndiyo iliyolizoesha jina hilo Nigeria, Kenya na hapa Tanzania, na kuna jambo ambalo sijaona likizungumzwa: Jumia ilisitisha shughuli zake Tanzania tarehe 27 Novemba 2019, siku mbili tu kabla ya Black Friday ya mwaka huo. Jina limebaki, aliyelileta ameondoka.

Mdau mmoja ameniuliza kwa ujumbe wa faragha iwapo Muislamu anaweza kukubali siku ya Ijumaa iitwe nyeusi. Swali hilo limeshawahi kujibiwa kibiashara. Mwaka 2014 kampuni ya mauzo ya mtandaoni ya Souq ya Dubai, ambayo baadaye ilinunuliwa na Amazon, iliona kwamba kwa wateja wa nchi za Kiarabu Ijumaa ni siku tukufu ya juma na haifai kupakwa rangi hiyo, ikaiita Ijumaa Nyeupe. Na ndugu zetu walioko Ghuba wanalifahamu jina hilo zaidi kuliko lile la Kimarekani. Kwa Kiswahili mimi naona tatizo la pili. Tunazo Ijumaa Kuu na Jumatano ya Majivu, siku zilizopewa majina kwa kinachofanyika ndani yake, lakini hatuna desturi ya kuzipa siku rangi. "Ijumaa Nyeusi" ni tafsiri ya neno kwa neno ambayo kwa sikio la Mswahili inasikika kama taarifa ya msiba. Ajabu ni kwamba kwa kusikika hivyo inakaribia maana waliyoikusudia wale trafiki.

Nyongeza, kwa aliyeuliza kama punguzo ni la kweli. Inategemea duka, na namna ya kujua ni moja: kuijua bei ya kabla. Umoja wa Ulaya umeona tatizo hilo, na kanuni zake zinazotumika tangu Mei 2022 zinamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi hiyo, ingawa mlaji asiye na ushahidi hana la kupeleka. Mimi mwaka juzi nilikuwa natafuta feni ya kusimama. Oktoba niliiona katika duka moja la mtandaoni kwa shilingi 68,000, nikapiga picha ya skrini ili nimwonyeshe mke wangu. Wiki ya Black Friday feni ileile, rangi ileile, ilikuwa na bei ya 120,000 iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na chini yake 79,000 ikiwa imezungushiwa nyota. Niliwaandikia nikiambatanisha picha yangu. Walinijibu kwa adabu kwamba ofa inaisha saa 6 usiku.

Feni nilinunua Kariakoo mwezi Januari, kwa 65,000 baada ya kupatana. Mwenye picha za bei za Oktoba, za bidhaa yoyote, naomba aziweke hapa chini pamoja na tarehe, bila jina la duka, tuzilinganishe Novemba ikifika.